Nyuzi za mkazo mdogo kwa gitaa kavu: hesabu kilo, achana na jina la pakiti

Kila anayejifunza gitaa kavu, lile lisilo la umeme, huambiwa neno lile lile: vumilia, vidole vitaota sugu. Ni kweli, vinaota. Ukipiga kila siku, baada ya wiki chache ngozi ya ncha za vidole inakomaa. Lakini nawajua watu waliopiga miaka na miaka, sugu zao ngumu kama za mshika jembe, na bado wakifika kwenye kodi ya F, yaani noti kadhaa zinazobonyezwa kwa pamoja (sisemi kodi ya serikali), wanakunja uso. Hao tatizo lao si ngozi. Ni kilo.

Gitaa la nyuzi za chuma za kawaida linavutwa kwa zaidi ya kilo 70, usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa ukutani. Ni kama mtu mzima ananing'inia kwenye shingo yake bila kushuka. Kila unapobonyeza uzi unashindana na sehemu ya mvuto huo, na mvuto huo ndio ninaouita mkazo. Unaweza kuupunguza kwa njia kadhaa, na kila njia itakudai kitu upande wa sauti. Sasa tuone unalipa nini na unapata nini.

Hatua ya 1. Hakikisha gitaa lako ni la chuma au la nailoni

Tazama daraja, ule ubao mdogo uliogandishwa kwenye uso wa gitaa, chini ya tundu la sauti. Kama nyuzi zinazama ndani na kubanwa na vigingi sita, gitaa ni la nyuzi za chuma. Kama zimefungwa fundo juu ya daraja lenyewe, shingo ni pana, na zile tatu nyembamba zinafanana na mshipi wa kuvulia samaki, hilo ni gitaa la klasiki na chakula chake ni nailoni.

Usibadilishane. Seti ya nailoni ya mkazo wa kawaida huvuta takriban kilo 40. Seti ya chuma iliyozoeleka huvuta takriban 74. Nilipokuwa mwanagenzi, muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba nyuzi ni nyuzi tu. Nikafunga za chuma kwenye gitaa la klasiki la shemeji yangu. Usiku wa tatu tukasikia kishindo kama mlango umepigwa teke. Asubuhi daraja lilikuwa limebanduka na kuondoka na kipande cha ubao. Shemeji hajaniazima kitu tena, hata mwavuli.

Ukifanya kinyume, yaani nailoni kwenye gitaa la chuma, hakuna kitakachovunjika, ila sauti itafifia, kwa sababu mbao zake zimetengenezwa nzito ili zihimili kilo 70 na nailoni haina nguvu ya kuzitikisa. Kwa hiyo nailoni si njia ya mkato. Lakini kama bado hujanunua gitaa na unachotaka ni vidole visiume, gitaa la klasiki ni jibu halali kabisa. Usione haya.

Hatua ya 2. Pima kimo cha nyuzi kabla ya kuzilaumu

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu ananunua nyuzi laini, anazifunga, maumivu yanapungua kidogo tu, anahitimisha kwamba nyuzi laini ni uongo. Kumbe nyuzi zake zimekaa juu mno, na kila kodi inamlazimu kuusukuma uzi safari ndefu kabla haujagusa freti, vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo.

Chukua kadi ya benki. Kadi hizi zina unene unaofanana popote duniani, milimita 0.76. Ukipanga tatu unapata karibu milimita 2.3. Hesabu hadi freti ya 12, kisha uingize kadi zako tatu kati ya kichwa cha freti hiyo na uzi wa sita, ule mnene kuliko wote. (Tumia sehemu ya kadi isiyo na namba zilizotuna.) Zikiingia kwa kugusa gusa, kimo chako ni kizuri. Zikiingia nne na nafasi ikabaki, gitaa linahitaji fundi kuliko linavyohitaji nyuzi. Upande wa uzi wa kwanza, kadi mbili na upenyo kidogo zinatosha.

Kisha hamia juu, mwisho wa shingo, kwenye kile kipande cheupe chenye mifereji sita ambacho nyuzi hupita kabla ya kufika kwenye vikazio. Tukiite mfupa wa juu, hata kama chako ni plastiki. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu, halafu uchungulie freti ya kwanza. Nafasi kati ya uzi na freti hiyo iwe nyembamba kama unywele. Ukiona upenyo wa wazi, mfereji haujachimbwa vya kutosha, na hiyo ndiyo sababu F inakutesa hapo freti ya kwanza lakini ukiisogeza hadi freti ya tano inatoka bila jasho. Magitaa mengi ya bei nafuu huja hivi kutoka kiwandani. Fundi mwenye tupa ndogo humaliza kazi hiyo upesi. Usijaribu mwenyewe kwa kisu cha jikoni: mfereji ukizidi kina haurudi, itabidi mfupa mpya.

Nimefundisha watu wa rika mbalimbali, na nikikadiria kwa macho tu, nusu ya waliokuja wakilalamika vidole walipona kwenye hatua hii, kabla hatujagusa pakiti yoyote.

Hatua ya 3. Elewa kilo zinatoka wapi

Mkazo wa uzi unaamuliwa na mambo matatu: uzito wa uzi, urefu wake kutoka mfupa wa juu hadi ule wa kwenye daraja, na noti unayoitaka. Basi. Rangi ya pakiti haimo.

Unene wa nyuzi huandikwa kwa sehemu za elfu za inchi. Uzi wa 12 ni inchi 0.012, kama milimita 0.30. Wanamuziki huita seti kwa namba ya uzi wake wa kwanza: "nafunga kumi", "nafunga kumi na mbili". Sasa jambo ambalo wengi hawalitarajii: mkazo unafuata kipeo cha pili cha unene. Kutoka 12 kwenda 10 umepunguza unene kwa sehemu moja ya sita, lakini mkazo umeshuka karibu thuluthi. Kwenye gitaa la urefu wa kawaida, milimita 648, uzi wa kwanza wa 12 unavuta kilo 10.6. Wa 11 unavuta 8.9. Wa 10 unavuta 7.3. Ndiyo maana tofauti ya "namba mbili tu" vidole huihisi papo hapo.

Kwa seti nzima za shaba kwenye urefu huo huo, kwa makadirio:

13 hadi 56: kilo 85
12 hadi 53: kilo 74
11 hadi 52: kilo 68
10 hadi 47: kilo 60

Na huu ndio mtego wa majina. Seti ya 12 hadi 53 huandikwa "Light" kwenye pakiti nyingi. Mtu anasoma, anadhani amenunua nyuzi laini, kumbe amenunua zile zile ambazo viwanda vingi hufunga kwenye magitaa mapya. Unazozitafuta wewe ni "Custom Light", ambayo kwa kawaida ni 11, au "Extra Light", ambayo ni 10. Lakini majina hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Namba hazidanganyi. D'Addario, kwa mfano, huchapisha mkazo wa kila uzi, na hapo huna haja ya kubahatisha.

Urefu nao usiusahau. Pima kutoka mfupa wa juu hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Ukipata milimita 629 au karibu na hapo, tayari una mkazo mdogo kwa asilimia 6 kuliko mwenye 648 akifunga seti ile ile. Magitaa madogo ya safari kama Baby Taylor yana kama milimita 578, na hapo mkazo umepungua kwa moja ya tano kabla hujafanya lolote. Gitaa la namna hiyo ukilifunga 10, nyuzi zitakuwa kama kamba ya kuanikia nguo. Liache na 12.

Hatua ya 4. Jaribu bila kutoa senti

Usinunue bado. Legeza nyuzi zako zote nusu toni: E iwe E flati, A iwe A flati, na kuendelea. Mkazo umeshuka asilimia 11. Legeza toni nzima na umeshuka asilimia 21.

Sasa linganisha na ile orodha. Mwenye 12 akilegeza nusu toni yuko karibu sana na atakachohisi akifunga 11. Akilegeza toni nzima yuko karibu na 10. Kwa hiyo unaweza kupima nyuzi zote mbili kwa wiki moja, kwa gitaa lako mwenyewe, kwa nyuzi zile zile zilizopo. Ukitaka kuendelea kupiga na wenzako kwenye sauti za kawaida, funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza au ya pili kufidia ulicholegeza. Kapo ina faida nyingine: inauruka ule mfupa wa juu wenye mifereji mibaya. Kama ukiweka kapo maumivu yanakwisha kabisa, rudi hatua ya pili, mchawi wako ni mfupa.

Jaribio hili halikuonyeshi kila kitu. Uzi wa 12 uliolegezwa bado ni mnene na sauti yake ni nzito kuliko ya uzi wa 10. Lakini kwa swali la "vidole vitaridhika?" linajibu vizuri kuliko muuzaji yeyote. Na kuna watu huishia hapa hapa: wanagundua kwamba sauti yao wenyewe ya kuimba inakaa vizuri zaidi nusu toni chini, wanaacha gitaa limelegezwa, na pesa ya nyuzi inabaki mfukoni.

Hatua ya 5. Chagua namba kulingana na mkono wako wa kulia

Watu huchagua nyuzi kwa kufikiria mkono wa kushoto, ule unaouma. Mimi nakwambia tazama wa kulia kwanza.

Ukipiga kwa vidole, nyuzi laini ni rafiki. Upigaji wa gitaa kavu uliokuja kwetu kutoka Katanga huko Kongo, wa kina Mwenda Jean Bosco ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, ulikuwa wa gumba na kidole cha shahada: gumba linatembeza besi, shahada inachomoa wimbo. Mkono wa namna hiyo hauupigi uzi, unaubembeleza. Kwa mtindo huo 11 inatosha kabisa, na 10 si aibu. Noti zinachomoka haraka, mapambo ya kuteleza na kuvuta uzi yanakuwa mepesi, na kidole chako kidogo cha kushoto kinaanza kufika mahali ambapo hakikuwa kikifika.

Ukiwa mtu wa kuchapa kwa piki ngumu (kile kipande kidogo cha plastiki cha kuchapia nyuzi), mbele ya kwaya ya watu arobaini bila spika, 10 zitakusaliti. Uzi wenye mkazo mdogo unapepea kwa upana zaidi. Ukiuchapa kwa nguvu unagonga freti na kutoa ule mlio wa nzi aliyefungiwa chupani. Halafu, noti inapanda: mchapo mkali unauvuta uzi na kuupandisha sauti kidogo kabla haujatulia, na kodi nzima inasikika kama imetyuniwa vibaya. Mkono wa kushoto nao una hatari hiyo hiyo. Aliyezoea kukaba nyuzi za 13 akishika 10 kwa nguvu zile zile, kila kodi itatoka kali. Itabidi ajifunze upya kushika kwa wepesi, na hilo huchukua wiki, si siku.

Umbo la gitaa linahusika pia. Gitaa lenye tumbo kubwa, lile la mabega mapana, limejengwa likisubiri 12 au 13 kulitikisa. Ukilifunga 10 linakuwa kama ngoma iliyolegea: bado linalia, lakini besi imepungua. Gitaa lenye kiuno chembamba na mwili mdogo ubao wake husukumwa kirahisi, na 10 au 11 hulifanya liimbe vizuri ajabu. Nimewahi kusikia gitaa dogo la 11 likishinda kubwa la 12 kwa uwazi wa sauti ndani ya chumba. Nje uwanjani mambo ni mengine.

Kama gitaa ni la zamani, usibishane, nenda chini. Wazee wetu waliita gitaa kavu "galatoni", jina lililotokana na Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Afrika Kusini. (Gitaa la kwanza la John Lennon lilikuwa Gallotone Champion, na ndani yake kulikuwa na karatasi iliyohakikisha kwamba halitapasuka.) Ukirithi la aina hiyo, au gitaa lolote ambalo ubao umeanza kuvimba nyuma ya daraja, kilo 60 ni bora kuliko 74, na nyuzi za 13 usizikaribishe hata kwa mazungumzo.

Kwa hiyo ushauri wangu ukinibana nitaje namba: gitaa la kawaida la milimita 648, mpigaji wa nyumbani au wa kusindikiza waimbaji wachache, anza na 11. Mtoto, mtu mwenye viungo vinavyouma, au aliyeacha gitaa kwa sababu ya maumivu, anza na 10. Akishapata nguvu atapanda mwenyewe akitaka.

Hatua ya 6. Madini na kiini

Nyuzi mbili nyembamba kwenye seti karibu zote za gitaa la chuma ni chuma kitupu. Tofauti za madini zinahusu zile nne zilizozungushiwa waya.

Bronzi ya fosforasi ni shaba asilimia 92 na bati asilimia 8, pamoja na fosforasi kidogo sana. D'Addario waliileta kwenye gitaa mwaka 1974. Sauti yake ina joto na besi ya mviringo, na mng'ao wake hudumu. Ile inayoandikwa 80/20 ni shaba 80 na zinki 20. Inang'aa sana siku za kwanza, kisha inachoka mapema. Ukishuka kwenda nyuzi laini unapoteza besi kidogo, ndiyo maana mimi huchagua fosforasi kurudisha joto lililopungua. Kwa upande wa kilo, kati ya hizi mbili hakuna tofauti ya maana.

Kuna nyuzi zinazoitwa "Silk and Steel", hariri na chuma. Kiini cha chuma hufunikwa kwanza kwa nyuzinyuzi laini, zamani hariri na siku hizi za viwandani, kisha juu yake huzungushwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Uzi unakuwa mwepesi na unapinda kirahisi. Seti zinazopatikana zaidi ni Martin M130, ambayo ni 11.5 hadi 47, na D'Addario EJ40, ambayo ni 11 hadi 47. Sauti yake iko katikati ya chuma na nailoni: tamu, ya faragha, haina ukali. Kwa kupiga kwa vidole sebuleni ni raha. Kwa piki kwenye harusi, hazisikiki, na ule waya laini unalika upesi. Jambo ambalo pakiti haikwambii ni kwamba nafuu yote iko kwenye nyuzi nene. Uzi wa kwanza na wa pili ni chuma kile kile, kwa hiyo kama maumivu yako yako kwenye uzi wa kwanza, hariri haitakusaidia. Namba ndogo ndiyo itakayokusaidia.

Halafu kiini. Nyuzi nyingi zina kiini chenye pembe sita ndani ya ule waya wa kuzungushwa, na pembe hizo huung'ang'ania waya. Nyuzi chache zina kiini cha mviringo, kama DR Sunbeam za Marekani au zile za Newtone za Uingereza. Kilo zinaweza kulingana na bado kiini cha mviringo kikahisi laini zaidi, maana uzi wenyewe hauna ubishi wa kupinda. Laini ya kidole na kilo za kwenye karatasi si kitu kimoja. Zina sharti moja tu: kunja uzi pembe mraba kwenye kikazio kabla ya kuukata. Ukiukata ukiwa umenyooka, waya wa nje huanza kujifungua na uzi unakufa siku hiyo hiyo.

Nisipotaja kutu huku kwetu pwani nitakuwa sijasema kitu. Chumvi ya hewani na jasho la mikono huzimaliza nyuzi za kawaida haraka, na uzi wenye kutu ni mkavu, unakwaruza, unaumiza vidole hata ukiwa wa 10. Nyuzi zilizopakwa utando, kama za Elixir, ni ghali na mng'ao wake wa kwanza umefichwa kidogo, lakini hudumu mara nyingi zaidi na zinateleza. Usipoziweza, kitambaa cha pamba kavu ndani ya mfuko wa gitaa, na kufuta kila uzi juu na chini kila ukimaliza, ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni kunawa mikono baada ya kula pweza.

Hatua ya 7. Funga, kisha usubiri shingo itulie

Legeza kwanza, usikate uzi uliokaza. Ng'oa kigingi, ingiza mpira mdogo wa mwisho wa uzi, rudisha kigingi, halafu uvute uzi kwenda juu hadi usikie mpira umeegama kwenye ubao. Acha ulegevu wa kuzungusha mara mbili au tatu kwenye kikazio. Sugua ncha ya penseli kwenye mifereji ya mfupa wa juu ili nyuzi ziteleze na zisikwame zikitoa ule mlio wa "tik" unapotyuni. Uvute kila uzi taratibu kwa vidole, tyuni, uvute tena, hadi uache kushuka.

Kisha usihukumu siku hiyo. Ndani ya shingo kuna ufito wa chuma unaoirudisha nyuma, kinyume na nyuzi zinazoivuta mbele. Umeondoa kilo 6, pengine 14, upande mmoja, na ufito bado una nguvu ile ile. Shingo itanyooka taratibu, siku mbili tatu, na huenda nyuzi zikaanza kulialia kwenye freti za mwanzo. Watu wengi wakifika hapa husema nyuzi laini ni mbovu na kuzing'oa.

Badala yake pima. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mwingine kwenye freti ya 14. Angalia freti ya 7. Inatakiwa pawe na upenyo unaoweza kupitisha karatasi mbili za daftari. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka kupita kiasi, na ufito unatakiwa kulegezwa kidogo kwa ufunguo wake: robo mzunguko, kinyume na saa, kisha subiri siku moja upime tena. Usizidishe robo kwa mara moja. Kama ufunguo umekaza na hausogei, mpelekee fundi. Ufito ukivunjika ndani ya shingo, gharama yake inaweza kununua gitaa jingine.

Hatua ya 8. Sikiliza wiki moja, kisha changanya

Jirekodi kwa simu. Wimbo ule ule, kiti kile kile, kabla ya kubadilisha na wiki moja baadaye. Masikio huzoea haraka na kumbukumbu hudanganya, simu haijali. Utasikia besi imepungua na sehemu ya juu imekuwa wazi zaidi. Kama uliyopoteza yanakuuma, si lazima urudi ulikotoka moja kwa moja. Nunua nyuzi mojamoja pale zinapouzwa hivyo: tatu nyembamba za seti ya 11, tatu nene za seti ya 12. Vidole vinapata nafuu pale vinapoihitaji, gumba linabaki na besi yake. Viwanda vyenyewe hufanya mchanganyiko wa namna hii. Seti za 12 hadi 56 wanazofunga wapigaji wa bluegrass, ule muziki wa kijijini wa Marekani, ni nyuzi nyembamba za seti moja na nene za seti iliyo juu yake. Kampuni ya Santa Cruz ya California imekwenda mbali zaidi, inauza nyuzi kwa majina ya mkazo wa chini na wa kati badala ya unene, na natamani wengine wangeiga.

Ukilazimika kununua seti mbili nzima, zile nyuzi tatu zinazobaki kwenye kila seti usizitupe. Andika namba kwa kalamu kwenye bahasha zake na uziweke kwenye mfuko wa gitaa, hasa ule wa kwanza. Huo ndio unaokatika, na huchagua usiku wa harusi, biharusi akiwa ameshafika mlangoni.